Kitako cha Kuku Ufukweni Amborovy

Jumatatu ya Pasaka hakuna anayebaki nyumbani Mahajanga. Mama Vololona naye alishuka ufukweni Amborovy na kapu la chakula, sufuria ya wali na macho yake mawili. Binti yake Mialy alikuwa amemleta Haja, fundi baiskeli, na kabla ya kurudi mjini mama alitakiwa aseme: kijana aje kuposa na kitako cha kondoo, kama ada inavyotaka, au abaki kwao.

"Mama, utasema leo?" Mialy alinong'ona wakitandika mkeka.

"Mimi nimekuja kuvua samaki."

Wala hakugusa mshipi. Alikaa akaangalia. Uamuzi wa namna hii zamani aliufanya na marehemu mumewe, usiku, baada ya sala. Sasa alikuwa amebaki na Mungu tu wa kumshauri, na Mungu alikuwa hajamjibu.

Shemeji yake, Mzee Dezy, kaka wa marehemu, alikalia kiti pekee kilicholetwa. Mshipi wake ulikuwa umelegea majini tangu asubuhi.

"Mzee Dezy, mshipi wako umelala fofofo," alisema Bakoly, jirani yao, ambaye hakuna matembezi yaliyompita.

"Mimi navua samaki wenye heshima zao. Hawana haraka."

Haja alikuwa miambani, suruali imekunjwa hadi magotini. Alirudi akisugua mikono. "Mama, chambo kimeniishia."

"Kapuni humo kuna kifurushi cha jani la mgomba. Utumbo wa kuku."

Haja akachukua, akarudi mwambani. Haukupita muda Bakoly akapiga kigelegele: kijana alikuwa akivutana na mshipi huku akiteleza, na mwisho akatoka na chewa mnene, urefu wa mkono mzima. Mialy alijifanya anachochea moto ili watu wasimwone anavyocheka.

Kuku wa tangawizi akapakuliwa. Mama Vololona akaomba, sala fupi, maana Mzee Dezy alikuwa ameshafumbua jicho moja. Kitako cha kuku ni cha mkubwa, na tangu kaka yake afe, mkubwa wao alikuwa Mzee Dezy. Mama alikuwa amekifunga kando alfajiri, katika jani la mgomba, ili kisiliwe na mwingine. Mialy akafungua kifurushi ili Haja akamtolee mzee kitako kwa mikono miwili, kama kijana anavyopaswa.

Ndani mlikuwa na utumbo mbichi.

Mialy akakikunja tena upesi.

"Kuna mbwa alipita hapa," Mialy akasema haraka.

"Mbwa gani?" Bakoly akauliza. "Mimi si nipo hapa hapa?"

"Hakuna mbwa," alisema Haja. Sauti ilikuwa ndogo lakini macho hakuyainamisha. "Ni mimi, baba mkubwa. Nimekitia kwenye ndoana."

Mzee Dezy akaweka sahani chini polepole. "Yaani samaki amenitangulia kula."

"Nilisikia kinanukia tangawizi, nikashangaa. Nikadhani ndivyo mnavyotengeneza chambo nyumba hii. Nikaona haya kuuliza."

Bakoly akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Mama Vololona hakucheka. Alikuwa akingoja. Kijana alikuwa na maneno mepesi kabisa ya kujitetea, kwamba mama ndiye aliyemtuma, na wala hayakumtoka. Alibaki amesimama tu na kosa lake.

"Shemeji, vifurushi vilikuwa viwili," mama akasema, "nami sikumwambia achukue kipi."

Mzee Dezy alikuwa bado amenuna Bakoly alipompasua chewa. Bakoly akatia vidole tumboni mwa samaki, akainua kitako kile juu. "Mzee wangu, zawadi yako hii hapa. Imechelewa njiani tu."

Mzee alijaribu kukaza uso. Ukamshinda. Alicheka mpaka kiti kikazama mchangani upande mmoja, ikabidi wamwinue.

Samaki alipoiva, Haja akakata kipande cha mkiani, akapiga magoti, akamtolea mzee kwa mikono miwili. Mzee Dezy akakitazama kipande kile, akatikisa kichwa.

"Mpe huyu mama. Ndugu yangu angekuwepo ungempa yeye. Aliyebaki mahali pake si mimi. Mimi nimekaa kwenye kiti tu."

Mama Vololona akakipokea. Tangu walipomzika mumewe, hakuna aliyewahi kumtolea kipande cha wakubwa. Alikila taratibu, akatoa miiba mmoja mmoja, akanywa maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali, akanawa. Mialy alikuwa ameacha kutafuna.

"Haja."

"Naam, mama."

"Mwambie baba yako atafute kondoo. Na kitako chake kisikaribie bahari."

Mialy akainamia begani kwa mama yake. Mzee Dezy akavuta mshipi wake, akakuta ndoana haina chambo hata chembe.

"Na huyo kondoo," akasema, "asiwe mwembamba."