Nundu Ubavuni

Injini ilikwisha kuzimwa, kama ilivyopangwa, na ndege ilikuwa ikishuka kurudi kwenye hewa nzito kwa mwendo mara tano ya ule wa sauti. Ndani yake alikuwamo rubani peke yake. Dada yake, mhandisi wa joto, alikuwa chini, kwenye chumba cha waangalizi, macho yamemganda kwenye vipimo vya joto vya ubavu wa kushoto wa ndege.

"Dada, hivi nimeruka au nimelala?" redio ilisema. "Kumetulia!"

Ndivyo ilivyotakiwa. Hewa ikipita kwa utulivu, tabaka juu ya tabaka, huisugua ndege kidogo tu. Ikivurugika, msuguano hupanda na joto hupanda nao. Ndiyo maana Fundi Kioo, ambaye kazi yake ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu, aliung'arisha ubavu ule wiki nzima.

Kipimo cha karibu na mlango kiliruka. Kikafuata cha nyuma yake, kisha vingine, vyekundu vitupu, vikitanuka kama mkia wa samaki.

"Kuna nundu." Dada alimgeukia fundi, aliyeketi kando yake. "Kioo, pale mlangoni pana nini?"

"Palikuwa na mkwaruzo, mwembamba kama unywele. Nikauziba kwa gundi, nikasugua mpaka ukucha haukwami."

"Gundi hutuna ikipata moto!"

"Sasa ningeuachaje, mama? Ulikuwa unaonekana!"

"Unaonekana na nani huko juu? Kijishimo hewa inakiruka. Nundu haiisamehe."

"Mnagombania nini?" redio iliuliza. "Mnaniaibisha mbele za mawingu."

"Punguza mwendo, mdogo wangu."

"Kwa breki gani?" Alicheka. "Dada, kuna nini?"

Akamwambia.

"Aigeuze kidogo," fundi alinong'ona.

"Kwa mwendo huu itakatika."

Hewa ileile iliyokuwa ikimchoma ndiyo iliyokuwa breki yake pekee, nayo haikuwa na haraka. Bati la ubavu ule halikupata kujaribiwa kupita digrii mia nane.

"Nisomee joto," mdogo wake alisema. "Nisikie sauti ya mtu."

"Mia saba na ishirini."

"Endelea."

"Mia saba na sitini."

"Usitetemeke bwana. Si wewe ndiye msomi wa nyumbani? Soma vizuri."

Alikohoa kusafisha koo. Fundi Kioo alikuwa ameinamisha kichwa juu ya meza.

"Mia nane na kumi," alisoma, vizuri, na akangoja ajibiwe.