Mlango wa Chumbani Ulipokwenda Kushtaki

Mwoka mikate alikuwa jikoni kwa dada yake akimenya viazi kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa plasta kuanzia kiwiko hadi vidoleni, kwa hiyo kila kiazi alikibana kwa magoti, akakikwangua, akakidondosha sufuriani. Ndipo mlango ukabishwa. Dada yake akaenda kufungua, akakawia kidogo, kisha akarudi akifuta mikono kwenye aproni.

"Kuna mlango nje," akasema.

"Mlango gani?"

"Wenu. Wa chumbani."

Mwoka mikate akatoka kuutazama. Ulikuwa ndio wenyewe: rangi yake ya maziwa, kitasa chake kilicholegea, na ufa wake wa usawa wa bega. Bawaba zilikuwa zikining'inia, na vumbi lilikuwa limeupanda hadi katikati, maana kutoka kwa mumewe mpaka pale si karibu. Dada akaupangusa kwa kitambaa kibichi, akauingiza kwa ubavu na kuuegemeza sebuleni.

"Ukae hapo," akauambia. "Na usizibe njia."

Mchana, dada alipokuwa akipita na kapu la nguo, alikigusa kishikio. Mlango ukafunguka kidogo, ukatoa sauti. Ilikuwa sauti ya shemeji yake, mwalimu wa kwaya, ile sauti nene na tamu ambayo mji mzima uliijua kwenye harusi na mazishi. "Utatoka humu nitakapotaka mimi," ikasema. Kikafuata kishindo. Kisha ikasikika sauti ya mdogo wake: "Mkono wangu! Nakuomba, mkono ndio kazi yangu."

Dada akaufunga taratibu, akalitua kapu chini.

"Wewe uliniambia umeanguka."

"Mara ya kwanza nilisema nimeanguka," mwoka mikate akajibu. "Mara ya pili nikakuambia ukweli. Ukaniambia nimvumilie, amechoka na mazoezi ya kwaya."

Dada akazitoa kapuni nguo zilizokwisha kukauka, akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena.

Jioni mwoka mikate alivuta kiti akakaa mbele ya mlango. Miaka yote alikuwa akiufungua kwa nyonga, mikono imejaa mashuka, na hata siku moja hakuwahi kufikiri kwamba ulikuwa ukisikiliza. Alitaka kujua ulianza lini. Akauliza. Mlango ukanyamaza, kwani ulijua tu yale yaliyosemwa mbele yake. Akaugonga hapa na pale, akanusa mbao, akachungulia kwenye tundu la ufunguo. Upande wa pili aliona sebule ya dada yake, basi.

Kesho yake walikwenda kituo cha polisi wote: dada mbele akisafisha njia, mwoka mikate katikati, mlango nyuma. "Pisheni jamani, mlango unapita," watu wakaambizana, wakapisha.

Kaunta alikuwepo afande yuleyule ambaye mara zote alimrudisha mwoka mikate nyumbani akapatane na mumewe.

"Mama, si tulishaongea? Haya ni mambo ya ndani."

"Mambo ya ndani yametoka, afande," mwoka mikate akasema. "Hayo hapo nyuma yangu."

Afande akanyanyuka, akazunguka kaunta, akaufungua mlango. Ukasema. Akawaita wenzake, akaufungua tena. Mmoja wao alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya hiyohiyo. Akainamisha sikio, akatikisa kichwa kukubali. "Ndiye. Hapo kwenye 'nitakapotaka' ndiye kabisa, hupenda kuivuta hivyo."

Basi wakauhoji. Walitaka kujua ni wa mbao gani, umechongwa na fundi yupi, umekuja wenyewe au umeletwa, na kama umeshawahi kupakwa rangi nyingine. Wakaupima urefu na upana. Mwoka mikate alikaa kwenye benchi, plasta ikimwasha kwa ndani ambako kucha hazifiki. Walipomaliza, afande akamgeukia.

"Na wewe ni nani wake huu mlango?"

Siku ya kesi mahakama ilifurika. Hakimu alitafakari kwanza mlango utaapaje, akaona hakuna tatizo ukigusisha kishikio kwenye kitabu. Ukagusisha. Mwendesha mashtaka akaufungua, nao ukasema yote, tangu sauti ya kwanza hadi kishindo cha mwisho. Wanakwaya waliojipanga viti vya nyuma wakaangalia viatu vyao. Mwalimu wao, katika suti yake ya kuongozea, alikuwa akiangalia kucha.

Wakili wake akasimama. Akaeleza kwamba mlango ule ulinunuliwa na mteja wake kabla ya ndoa. Mali haiwezi kutoa ushahidi dhidi ya mwenye mali. Zaidi ya hayo, uliondoka nyumbani bila ruhusa. Hakimu akaona hoja hiyo ni nzito, akaandika kwa muda mrefu.

Mwoka mikate akainua mkono wake mzima.

"Mheshimiwa, mimi nilikuwepo."

"Tumesikia, mama. Mlango umeeleza vizuri sana. Keti."

"Naomba tu asije bekari. Anakuja, anasimama karibu na tanuri, ananiangalia."

"Hilo utalisema siku ya kusikilizwa."

"Leo si ndiyo siku ya kusikilizwa?"

"Leo umesikilizwa mlango," hakimu akasema kwa upole, kisha akaahirisha kesi hadi apate mwongozo kutoka juu.

Mlango ulizuiliwa kama kielelezo. Bahati mbaya stoo ya vielelezo haikuwa na mlango, kwani wa zamani uliibiwa pamoja na vielelezo vyenyewe. Fundi akaitwa, akaupachika alasiri ileile. Ulienea sawasawa, hata randa hakuhitaji.

Plasta ilitolewa. Vidole viwili viligoma kukunjika, na unga hausubiri vidole, kwa hiyo mwoka mikate akaondolewa kwenye kukanda akawekwa kaunta kuuza. Mwalimu wa kwaya alikuja kila Jumamosi. Aliomba mkate laini, akaubonyeza kwa kidole gumba, akasema "Asante sana" kwa sauti ile, na wateja wengine wakatabasamu kwa kuisikia.

Mwoka mikate alipochoka kungoja, alikwenda mahakamani kuulizia tarehe. Karani akainuka kwenda kuangalia jalada stooni. Alipofungua, mlango ukasema. Karani akasimama, mkono kwenye kishikio, kichwa kimeinama kidogo, akangoja umalize, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa adabu ya pale. Mtu alikuwa amezitia bawaba mafuta, na maneno yalitoka safi, kila neno peke yake.

"Tarehe bado," karani akasema aliporudi.

"Na huo mwongozo kutoka juu?"

"Nao bado. Ila mlango wako tunautunza vizuri, usiwe na wasiwasi."

Nje, ukutani karibu na geti, mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji. Pembeni yake ulisimama mlango wa bati, wa kijani, umebonyea sehemu ya chini kama uliopigwa mateke mengi. Mwoka mikate aliutazama kwa hamu ya kujua, akautazama sana, kisha akakaa karibu na yule mwanamke.

"Na wewe, dada yangu, ilikuwaje?"

Mwanamke akanyoosha mkono kuufungua mlango wake.

"Uache," mwoka mikate akasema. "Nakuuliza wewe."

Yule mwanamke akaurudisha mkono. Akajiweka sawa kwenye ukingo, akashika mikono yake mwenyewe.

"Ilikuwa asubuhi," akaanza. "Nilikuwa napasi."

Mlinzi akatoa kichwa getini.

"Mlango uingie!" akaita. "Mwenyewe asubiri hapo hapo."