Kisigino Kilicholika Upande

Siku ya tatu ugenini, fundi viatu alipotea tena. Watu walifurika barabarani, honi zilipigwa kama zinagombana, na majengo yote yalifanana. Lugha ya huko hakujua hata ya kuombea maji. Akajibanza ukutani, akaulaani mji mzima, kisha akamlaani shemeji yake aliyemwambia kwamba maisha huko ni mteremko.

Akainamisha kichwa kwa uchovu. Hapo chini, katikati ya miguu chungu nzima, akaona kisigino cha kiatu cha kushoto kilicholika upande. Sura za watu zilikuwa hazimkai kichwani, lakini kisigino kile alikijua: cha mama wa chumba cha jirani, anayepita mlangoni kwake kila asubuhi!

Akakifuata unyounyo, akipigwa vikumbo, mpaka kwenye ngazi za nyumba yao. Mama akageuka, macho yamemtoka pima. Fundi akakionyesha kile kisigino kwa kidole, akagonga kiganja chake kwa ngumi kama anayepigilia msumari. Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Kesho yake fundi alipofungua mlango, nusura ajikwae. Jozi saba za viatu zilikuwa zimepangwa kizingitini, zikimsubiri.

Akamsamehe shemeji yake. Kidogo.