Jino la Fundi Vitasa

Fundi vitasa alikaa kwenye benchi la kliniki ya meno, shavu limevimba, macho kayakaza kwenye mlango wa chumba cha daktari. Kitasa kilikuwa kimelegea. Kila mgonjwa alipoingia, mlango ulijirudi wenyewe ukaacha upenyo wa kidole. Mkewe, aliyemsindikiza, alikuwa pembeni yake amempakatia koti.

Jino lilikuwa limemtesa tangu mvua zilizopita. Alilitafunia karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akalalia upande mmoja, ilimradi asifike hapa. Hakuogopa koleo. Aliogopa kuachama, kwa sababu siku hizi hospitali zilikuwa zimeacha kutumiana mafaili. Aliyoyasema daktari wa hospitali yalibaki kinywani mwa mgonjwa, na mgonjwa akiachama mdomo wote, yalitoka yenyewe, kwa sauti ya daktari yule yule, mpaka na kikohozi chake. Watu walishazoea. Madaktari wa meno walisema imewapunguzia kazi.

Wengi hawakuwa na la kuficha ila sukari na presha. Fundi alikuwa na lake. Zamani daktari wa hospitali alimwambia kwamba yeye hawezi kuzaa, na kwamba mkewe hana tatizo lolote. Alipofika nyumbani alisema daktari amewataka wavute subira. Tangu hapo mama yake akawa anamletea mkwe dawa chungu za mitishamba, mkwe akawa anakunywa, na fundi akawa anatazama pembeni. Alikula matonge madogo madogo na miayo aliimeza. Ulikuwa uoga tu, wala hauna jina lingine.

Zamu yake ilipofika, alitoa bisibisi mfukoni.

"Daktari, nikukazie hiki kwanza," alisema. "Sitaki malipo."

Daktari wa meno, mama mmoja mwenye miwani na haraka zake, alimwambia aendelee tu, kitasa hicho kimewachosha. Fundi alikaza skrubu, akasawazisha bati la fremu, akafunga. Mlango ulishika barabara. Aliusukuma kwa bega kuhakikisha, kisha akapanda kitini roho imetulia kidogo, akaachama.

"Mgonjwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda," ilisema sauti ya daktari wa hospitali kutoka kinywani mwake. "Jino lising'olewe kabla hatujashauriana."

Daktari wa meno aliitikia kwa kichwa, akaliweka koleo chini. Hilo lilikuwa la maana, pengine lilimwokoa. Lakini sauti haikujua pa kuishia. Ilikohoa, ikaendelea na la uzazi, na jinsi mgonjwa alivyosihi mkewe asiambiwe. Fundi alijaribu kufumba, lakini vidole vya daktari na kioo chake vilikuwa bado mdomoni.

"Hilo la mwisho mimi sina kazi nalo," daktari wa meno alisema, akivua glavu.

Hapo ndipo fundi alipotazama juu. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na haukufika darini. Bingwa wa milango hakuwa ameuangalia ukuta. Kupitia ule uwazi alimsikia mkewe akimwambia mtu pale benchini asogee kidogo, kila neno likiwa safi kabisa.

Walirudi na dawa ya kutuliza uvimbe. Njiani mkewe alizungumzia mapazia yanayotaka kufuliwa. Fundi alilipindua kila neno kutafuta kilichojificha chini yake, asipate kitu. Mkewe aliponyamaza, alishuku ule ukimya. Alipomshika mkono wakivuka barabara, alishuku na mkono.

Mama yake alikuwa anawangoja sebuleni na chupa yake ya mitishamba ya moto. Alimmiminia mkwe kikombe, akamuuliza kama na mwezi huu mambo ni yale yale.

Mke alikishika kikombe, akamgeukia mumewe.

"Mume wangu, hebu achama kidogo," alisema taratibu. "Mama naye asikie."

Fundi alibana meno. Aliweka kiganja shavuni na kuguna kama mtu aliyezidiwa.

"Mwache mwanangu, hajiwezi," mama alisema. "Wewe kunywa dawa."

Mke alingoja. Alimtazama mumewe midomoni, bila hasira, mpaka dawa ikaanza kupoa. Kisha alikunywa yote, na mama akammiminia kikombe cha pili.