Marehemu Anakula Kasimama

Viti vya kukodi vilikuja pungufu kimoja. Jamaa wa viti akasema hiyo si ishu yake, idadi kapewa na Benson. Kwa hiyo siku ya arobaini ya Projestus, hapo hapo kwake Kinyerezi, ukoo mzima ulikaa sebuleni kasoro mkewe. Adelina alibaki kasimama mlangoni na birika la chai.

Benson, mdogo wake marehemu, alikaa kwenye sofa la kaka yake, kavaa saa ya kaka yake. Akasali kidogo, halafu akasema nyumba inarudi kwenye ukoo. Adelina hakuzaa, kwao ni Masasi, na mabasi ya Masasi yanaondoka kila siku.

"Naomba na mie niseme," Adelina akasema.

"Kwetu neno la ukoo linasemwa mtu kakaa," Felicitas akajibu. Felicitas ni dada yao, na hakuinua hata macho kwenye pilau. "Aliyesimama ni mhudumu. Kaa kwanza ndo uongee, wifi."

Adelina akaangaza macho. Kiti hakuna. Akataka kukaa chini.

"Chini wanakaa wafiwa," Felicitas akasema, "na tanga tulishaanua."

Basi akaendelea kumimina chai.

Jioni jioni hivi Projestus akaingia. Alizikwa kwao Muleba, migombani, ndo maana safari ilimchukua muda. Alikuwa na suti ya kijivu aliyozikwa nayo na udongo mwekundu kwenye kola. Akatoa pamba puani, akaitia mfukoni, akasalimia.

"Umechelewa," Benson akamwambia. "Tushaanza."

"Basi liliharibika Singida."

Watu wakavuta miguu apite. Mjomba mmoja akanyanyuka ampishe kiti, lakini haikuwezekana. Projestus alizikwa kanyooshwa, na magoti ya mtu aliyelala kanyooka muda wote huo hayakunjiki tena. Akasimama karibu na friji.

Adelina akaweka birika chini. "Baba, waambie. Hii nyumba ya nani?"

Projestus akafungua mdomo, kikatoka kivumbi. Akakohoa. "Sijala," akasema.

Wakamletea pilau, likagoma kupita. Wakamletea ugali, nao ukarudi. Koo lake lilikuwa limebana, linapitisha vipande vidogo tu.

"Tapas," akasema.

Hakuna aliyeuliza tapas ni nini, maana walishachoshwa nazo zamani. Projestus alikuwaga fundi injini kwenye meli ya Wahispania ya kuvua jodari, na alilala Vigo, bandari yao kule Hispania, zaidi ya alivyolala Kinyerezi. Akirudi likizo alikuwa anazisimulia hizo tapas mpaka watu wanahama meza. Visahani vidogo. Unafunikia glasi nzi wasiingie, juu yake kipande na kijiti, na mnakula mmesimama. "Wanakula kama wana haraka," alikuwa anasema, "na hakuna anayeenda popote."

Benson akacheka, akajiegemeza vizuri kwenye sofa.

"Poa, shem. Mletee hizo tapas. Akishiba akasema nyumba yako, sie tunabeba viatu vyetu tunasepa. Nasema mbele ya ukoo. Ila usipozipata, Jumapili ijayo mie nahamia."

Aliyasema hayo akiwa kakaa, kwa hiyo yalihesabika.

Adelina akaanzia Sinza. Kuna bar moja pale ina bango la ng'ombe dume na limeandikwa Tapas za Hispania. Mhudumu alikuwa anachati.

"Tapas zipo?"

"Zipo. Za kuku na za soseji."

"Ni za Hispania kweli?"

"Sista, umekuja kula au umekuja kusoma bango?"

Wakamfungia soseji iliyokatwa vipande, imemwagiwa tomato. Projestus alikuwa bado kasimama pale pale karibu na friji. Akaweka kipande mdomoni, akakitoa, akamrudishia mkewe kiganjani.

"Hii soseji," akasema.

Siku ya pili akaenda Masaki, kwenye hoteli ambayo watu wote walimwambia ndo yenyewe. Mlinzi akamsimamisha getini.

"Umetumwa na nani?"

"Na mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Kafariki."

"Mwambie aje mwenyewe. Hapa hatuwapi waliotumwa."

Akakaa juani mpaka zamu ya mlinzi ikaisha. Aliyefuata akamruhusu apite mlango wa jikoni, kwa sababu alimdhania mfanyakazi mpya. Akatoka na boksi jeupe. Ndani kulikuwa na zeituni tatu, tone la kitu cha kijani na povu. Projestus akaliangalia sana lile boksi. Hakugusa.

"Hii picha," akasema.

Wakati huo Felicitas alikuwa anapima madirisha ashone mapazia. Benson alishaleta seti ya spika, kaiweka juu ya kitanda cha Adelina. Majirani wakawa wanapita kuchungulia. "Marehemu wenu ana mambo makubwa," mmoja akasema. "Wa kwetu walikufa wakanyamaza."

Usiku Adelina alilala jikoni. Asubuhi aliosha kola ya mumewe, ule udongo haukutoka.

Ijumaa akakata tamaa, akaenda Temeke kutafuta chumba. Mwenye nyumba akamuuliza mume yuko wapi. Akamwambia kafariki ila yuko Kinyerezi karibu na friji. Mwenye nyumba akasema wajane hachukui, wanaleta maneno. Alipotoka, jua lilikuwa limeshashuka na kwenye kona kulikuwa na meza ya pweza.

Ilikuwa meza ya Twalib. Hapo kila mtu kasimama, kiwiko kwa kiwiko, na kila mtu ana kijiti. Madereva wa bodaboda walikuwa wanatukanana kuhusu penalti ya juzi. Mama mmoja na sare yake ya kazi alikuwa anachovya kipande kwenye pilipili huku anawaambia wote hawajui mpira. Vikombe vya supu vimepangwa, kila kikombe kimefunikwa kisahani nzi wasiingie, na juu ya kisahani vipande vya pweza. Adelina akawaangalia. Walikuwa wanakula kama wana haraka, na hakuna aliyekuwa anaenda popote.

"Unanunua au unakagua?" Twalib akamuuliza. "Kama unakagua sogea, unaniziba mwanga."

"Nifungie."

"Sifungi. Pweza wa kubeba anakufa mara ya pili. Ni wa mgonjwa?"

"Wa marehemu."

Twalib akaendelea kukata. "Mlete. Hapa hatuna kiti cha mtu."

Jumamosi Adelina akakodi kirikuu, ile pikapu ndogo ya kubebea mizigo, maana kwenye gari la kawaida Projestus asingeingia. Akasimama nyuma na suti yake, kashika bomba, tai inapepea. Benson na Felicitas wakafuata na gari ya Benson, wanapiga honi kila kirikuu ikipunguza mwendo. Tabata trafiki akawasimamisha.

"Huyo mbona kasimama?"

"Marehemu, afande," dereva akasema. "Hakunjiki."

"Basi ashike kwa mikono miwili."

Kwenye meza ya Twalib watu wakabanana. "Sogea braza, acha marehemu ale," dereva mmoja wa boda akasema, halafu akarudi kwenye penalti yake. Twalib akakata vipande vidogo kuliko kawaida, akakamulia ndimu, akaweka kisahani juu ya kikombe. Benson alisimamisha gari hapo hapo pembeni, akafungua mlango, ila hakushuka. Na Felicitas hakushuka.

Projestus akachoma kipande na kijiti. Kikapita. Akachoma kingine. Akafunua kikombe, akanywa supu, na ile rangi ya kijivu ikaanza kumtoka shingoni.

"Ndo hizi," akasema.

Akala mpaka kisahani kikabaki na pilipili tu. Adelina alikuwa kashika ukingo wa meza. Projestus akajifuta mdomo kwa mkono wa suti, akageukia gari.

"Benson. Mie nilileta hela za tofali, basi. Nilikuwa baharini. Tofali zile alizimwagilia yeye, asubuhi na jioni, na ndoo kichwani, na bomba lilikuwa mbali. Hakuna tofali hata moja ambalo hajalishika. Nyumba ni ya Adelina."

Hata penalti iliachwa.

"Kasema," Twalib akasema. "Wote tumesikia."

"Na mie nimesikia," Benson akajibu kutoka kwenye kiti cha gari, mguu mmoja nje. "Kaka kaongea vizuri sana. Ila kaongea kasimama."

Adelina akamwangalia. "Hawezi kukaa. Unajua kabisa hawezi kukaa."

"Hilo ni la kwake na jeneza, shem. Sie taratibu zetu hatujazitunga leo."

"Tena mezani kwa pweza," Felicitas akaongezea. "Barabarani. Na mdomo una pilipili."

Adelina akachukua ndoo ya Twalib, akamwaga maji, akaigeuza. Akamshika mumewe mabega. Twalib akaja upande mmoja, yule dereva wa boda upande wa pili, na mama wa sare akashika ndoo isiteleze. Wakamkandamiza taratibu. Magoti yakagoma. Wakaongeza nguvu, na kitu kikalia ndani ya suruali kama kuni kavu ikivunjwa.

"Basi, mama," Projestus akasema kwa upole. "Unaniumiza."

Wakamwachia. Adelina akakaa yeye juu ya ile ndoo, katikati ya maganda ya ndimu.

"Haya, mie nimekaa," akasema. "Nimekaa, nasema, nyumba yangu. Mume wangu kasema mbele yenu."

Felicitas akamwangalia kwa mara ya kwanza toka msiba. Alikuwa kama anamwonea huruma.

"Wifi," akasema, "umekaa vizuri. Ila wewe si wa ukoo."

Benson akavuta mguu ndani, akafunga mlango.

Jumapili alihamia. Vitu vya Adelina vilitolewa nje kwa mpangilio, hakuna kilichovunjika, na Benson alipenda watu walione hilo. Projestus alirudi Muleba na basi la Jumatatu, ila Jumamosi akaja tena, na Jumamosi nyingine tena. Anakuja kwenye ile nyumba kwa sababu ndo anayoijua. Benson alikasirika mwanzoni, baadaye akaona watu wanajaa kumwangalia. Akatoa sofa. Akaweka meza ndefu za kusimamia, friji mbili, zile spika zake, na nje bango: Kwa Marehemu Tapas. Watu wanatoka mpaka Sinza kuja. Wanasema Dar nzima hakuna tapas kama zile.

Adelina kapata chumba Kiwalani, ndege zikipita vikombe vinacheza. Siku za kazi anakata pweza kwa Twalib. Twalib bado anamfokea kwamba anakata vinene, ila Jumamosi anamchagulia wale laini, hata kubeba anamruhusu. Adelina anapanda na vipande Kinyerezi kwenye beseni lake, anazunguka nyuma ya nyumba, anagonga dirisha la jikoni. Mlango wa mbele ni wa wateja.

"Umechelewa, shem," Benson anamwambia kila wiki. "Kaka kashafika."

Anavipanga mwenyewe pale dirishani, kisahani juu ya kikombe, kipande, kijiti. Wakati anasubiri beseni lirudi, huwa anaweka kiganja kwenye ukuta. Tofali za ule upande zimeanza kuwa na unyevu jioni jioni, bila mvua. Benson kaita mafundi wapake rangi ya kuzuia maji.

Ndani Projestus anakula mpaka mwisho. Anajifuta mdomo, anageukia watu, anasema, "Nyumba ni ya Adelina."

"Ya Adelina!" wanaitikia wote, na glasi wamenyanyua juu. Hakuna anayembishia, hata wale wa ukoo wakija. Kiti kwenye ile nyumba kimebaki kimoja tu, cha Benson, pale mlangoni. Wengine wote wamesimama, kwa hiyo haihesabiki.