Mahindi Yaliyochelewa Kukatwa

Desemba ya mwaka 2003 ilikuwa imeshaingia, na Wacera alikuwa na hasira za kutosha kijiji kizima. Majirani wote wa ule mteremko ulio juu ya Kitale walikuwa wameshakata mahindi yao, wakayasimamisha matita, wengine hata wameshauza. Ya kwake tu ndiyo yalikuwa bado shambani, makavu kabisa, mchwa wakila chini na ndege wakila juu. Kisa? Shemeji yake Kimotho, mdogo wa marehemu mumewe. Kila wiki alikuwa anamwambia mjane wa watu angoje kidogo, ati mahindi ya sehemu ya juu bado yana maji kwa sababu ya baridi ya mlima.

Angoje mpaka lini? Alichukua panga akapanda huko juu mwenyewe. Alipenya mistari michache tu, akasimama. Katikati ya mahindi kulikuwa na bhangi, imempita kimo, mbichi kabisa, wala haijatoa hata ua moja.

Lo! Na yeye Wacera alikuwa amemshukuru Kimotho kanisani, mbele ya watu, kwa kumlimia sehemu ile!

Alimkuta nyumbani kwake akinywa chai. Hata hakukana. Alieleza taratibu, kana kwamba ni habari za viazi, kwamba mbegu alipewa Kabuchai, kule Bungoma, ambako joto la huko chini kwenye miwa huivisha mambo haraka. Alikuwa ameipanda wakati wa palizi, akapiga hesabu kwamba itakuwa tayari kabla mahindi hayajakatwa. Hesabu ya Bungoma, shamba la mlimani! Baridi ilikuwa imeichelewesha, na sasa alitaka mwezi mmoja zaidi. Mahindi ndiyo yaliyokuwa yakimfichia.

Wacera alimwambia aing'oe leo hii. Kimotho akacheka.

"Shemeji, hati ya shamba iko na jina lako," alisema. "Polisi wakikuja watauliza mwenye shamba ni nani. Sasa nani anafaa kunyamaza, ni mimi ama ni wewe?"

Mshenzi mkubwa! Shamba lile ndicho kitu pekee mumewe alichomwachia. Akifungwa yeye, watoto wangebaki na nani? Na nani angehamia pale kabla hata hajafika korokoroni, kama si huyu huyu anayemchekea? Wacera aliondoka bila kuaga, maana angekaa kidogo tu angemmwagia ile chai usoni.

Hakwenda polisi. Alikwenda kwa rafiki yake Mwihaki, aliyeongoza ngwatio, kikundi cha akina mama waliosaidiana kazi za shamba kwa zamu, akaomba zamu yake iwe Jumamosi. Kisha akamwalika Wabwile, naibu wa chifu, aje ale githeri na wavunaji. Mke wa Wabwile alikuwa mwanakikundi, kwa hivyo hakuna aliyeona ajabu.

Jumamosi walianza kukata kutoka chini wakiimba. Walipokaribia sehemu ya juu, Kimotho alikuja mbio akihema, akasimama mbele ya mapanga na kuwaambia waishie hapo. Mwihaki akamuuliza yeye ni nani wa kumzuia Wacera kuvuna mahindi yake.

"Hii upande si ya Wacera," Kimotho alisema, jasho likimtiririka. "Hapa nililima mimi, nikapanda mimi. Kila kitu iko hapa ndani ni yangu, na hakuna mtu anakata."

Wacera hakuamini masikio yake. Alikuwa amejiandaa kugombana, kulia, hata kushika Biblia na kuapa mbele ya Wabwile kwamba hakujua lolote. Kumbe mjinga huyu angemmalizia kazi yote!

"Rudia," alimwambia. "Rudia naibu wa chifu asikie vizuri."

Kimotho aligeuka. Wabwile alikuwa amesimama nyuma yake na sahani ya githeri mkononi, na alikuwa ameacha kutafuna.

Wacera akainama, hasira zote zikamshukia mkononi. Alikata shina, akakata jingine, akina mama wakamfuata, mahindi yakalala chini mstari kwa mstari. Bhangi ikabaki imesimama peke yake mchana kweupe, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani.