Mama Anakula Amekaa

Tangu nishike mwiko kwa mara ya kwanza sijawahi kuharibu chakula. Pigia mstari hapo. Kuna watu wanapika kwa kubahatisha: wanaonja, wanakuna kichwa, wanaongeza maji. Mimi napika kwa hesabu, na kwenye mtihani wa mwisho wa hesabu niliwaacha wenzangu wote kwenye mataa. Ndiyo maana siku ya kumpongeza mama kwa kustaafu, jiko la nyumbani nilikabidhiwa mimi. Basi, tuseme niliomba. Niliomba siku tatu mfululizo, mpaka dada yangu, ambaye ananiita Redio kwa sababu anazozijua mwenyewe, akawaambia wazazi nipewe tu ili nyumba ipumzike.

Mama amepikia shule ya bweni miaka ishirini na saba. Uji wa alfajiri, chakula cha mchana, cha jioni, kwenye masufuria ambayo ungeweza kumuogeshea ndama. Akirudi anavua aproni ya shule, anavaa ya nyumbani, anaanza upya. Na miaka yote hiyo hatujawahi kumwona anakula amekaa. Anasimama mlangoni mwa jiko, bega kwenye fremu, sahani kiganjani, macho kwenye sahani zetu: nani anataka mchuzi, nani kaishiwa maji. Ukimwambia kaa, mama, anajibu nakaa sasa hivi. Hiyo sasa hivi imenizidi umri.

Sasa, mama ana mdogo wake wa mwisho, mama mdogo wetu, anayeishi mwendo wa siku nzima kwa basi. Mama mdogo amejenga, amehamia, amezaa pacha, pacha wameanza shule, na mama hajakanyaga kwake hata siku moja. Kila mwaka anasema mwaka huu naenda, kisha anatutazama mimi na baba kama mtu anayetazama vifaranga waliofiwa, anauliza tutakula nini. Baba ni fundi saa. Mikono yake inaweza kurudishia skrubu ambayo wewe huioni, lakini jikoni anachojua ni chai, na hata hiyo anaipika kwa wasiwasi. Dada ameolewa, ana kwake. Nilikuwa nimebaki mimi, na hakuna aliyewahi kunihesabu.

Safari hii dada hakuuliza, alikata tiketi. Ilikaa kabatini ndani ya kikombe cha maua: Jumatatu asubuhi, kwenda, na kurudi baada ya mwezi. Mama aliigeuza huku na huku kama anayetafuta kasoro, halafu akaweka sharti lake. Jumamosi, kwenye chakula cha kumpongeza, atakaa kwenye kiti kuanzia sahani ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Nisipoinuka hata mara moja, naenda," alisema. "Nikiinuka kwenda kuokoa kitu jikoni, tiketi irudi."

Baba akanitazama. Dada akanitazama. Nikawaambia wamtafutie mama mto wa kuegemea, maana atakaa sana.

Jumamosi ikafika. Dada alileta nyama ya mchuzi, saladi na keki kutoka kwake. Wali ulikuwa wangu, ule wa karoti na njegere ambao mama alikuwa akiupika shuleni siku wazazi wa wanafunzi wanapokuja. Nilikuwa na daftari lake la kazini, jalada limelainika kwa mafuta, na ndani kila kitu kimeandikwa kwa watu mia moja, kwa sababu jiko la shule halijui watu wachache. Sisi tulikuwa ishirini. Mia kwa ishirini ni tano, mtoto wa chekechea anajua. Mchele kilo kumi na tano, nikagawa, tatu. Karoti nikagawa. Vitunguu, njegere, mafuta, maji, vyote nikagawa, kila jibu nikaliandika pembeni kwa penseli na kulipigia tiki. Ukurasa ukaisha. Hapo hapo baba akaita kutoka uani akiuliza viti vya kuazima vimewekwa wapi. Nikaenda, nikamwonyesha, nikarudi, nikafunua. Juu kabisa ya ukurasa wa pili paliandikwa: chumvi, vijiko kumi.

Nikahesabu vijiko kumi kwa uangalifu wa hali ya juu. Cha kumi nilikisawazisha kwa kisu.

Wali uliiva wa kutia wivu. Punje mojamoja, karoti zinang'aa, harufu imetoka hadi kwa majirani. Nikachota kijiko kimoja cha kujipongeza, nikakitia mdomoni, na machozi yakatoka kabla sijaamua kulia. Ulimi ulijikunja ukatafuta pa kukimbilia. Na kama unatafuta utani wa mtu anayetia chumvi, usijisumbue, dada ameshaumaliza wote.

Ilikuwa saa nne na nusu. Wageni wanaingia saa saba. Kuumwaga hakukuwezekana, kwa sababu baba alikuwa amejiweka karibu na pipa la taka, anafuta viti kimoja kimoja kwa kasi ya mtu anayesafisha saa ya mkononi. Mama alikuwa chumba cha mbele akijaribu gauni lake jipya. Nikasubiri baba ainamie mguu wa kiti uliolegea, nikaibeba sufuria ile kubwa, nikapita nyuma ya mgongo wake hatua kumi, nikaingia kwa jirani yetu wa uani, fundi cherehani, yuleyule aliyeshona gauni la mama.

Yule mama fundi ana tabia moja nzuri: akiwa kazini mdomo wake umejaa pini, kwa hiyo hakuhoji. Nikamwambia huu ni wali wa raundi ya pili, wageni wakizidi tuje tuuchukue, naomba anitunzie na asiufunue usije ukapoa. Akaitikia kwa kichwa, akasogeza mabaki ya vitambaa kwa mguu, sufuria ikaingia chini ya meza ya cherehani. Nilitoka pale nikijiambia kwamba mtu mwenye akili haanguki, anateleza tu.

Tatizo ni kwamba mfukoni mwa mchele zilibaki kilo mbili. Kwenda dukani ni kupita mbele ya mama, na mama akimwona mtu ananunua mchele saa tano ya siku ya wageni, haulizi, anavaa aproni. Nikachukua sufuria ya kati. Karoti zilizobaki zilikuwa chache, nikazikata nyembamba zionekane nyingi. Nilipofika kwenye chumvi nikapiga hesabu ya kilo mbili, ikatoka kijiko kimoja na theluthi. Hebu nionyeshe theluthi ya kijiko wakati jasho linakuingia machoni. Nikalifunga daftari. Nikatia kidogo, nikaonja maji. Nikatia tena, nikaonja tena, nikakuna kichwa. Ndiyo, kama walewale.

Saa saba mama akakalishwa. Dada alikuwa ameweka mito miwili. Mama alishika mikono ya kiti kama abiria asiyemwamini dereva. Glasi ilipoanguka kwenye kona, nikaona visigino vyake vimenyanyuka. Baba akamwekea kiganja begani, visigino vikashuka. Mimi nilipakua kwa mkono wa ubahili, nikiwaeleza wageni kwamba wali wa aina hii huliwa kidogokidogo ndipo ladha isikike. Wengine waliniamini.

Mama akachota kijiko cha kwanza. Akatafuna taratibu, macho kwenye ukuta, kama anavyofanya akisikiliza habari asiyotaka kuikosa. Akachota cha pili. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe: akaegemea. Mgongo mzima, mpaka mito ikatoa hewa. Sahani iko mapajani, anakula, na hamwangalii mtu. Baba alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

Hapo ningenyamaza, hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini mdomo huponza kichwa, nami mdomo wangu haujawahi kukosa kazi. Nikasimama bila kuombwa na mtu. Nikawaambia wageni kwamba watu wengi walikuwa na mashaka, majina nayahifadhi, dada anajijua. Nikawaambia chakula hiki kimepikwa kwa hesabu, sufuria moja, mara moja, bila msaada wala kosa. Wakapiga makofi. Nikainama kidogo, kama wasanii.

Makofi yalipoisha, mwanamke aliyekuwa msaidizi wa mama kule shuleni aliinua bakuli tupu, akauliza kwa upole kama kijiko kingine kingepatikana. Bakuli la pili lilikuwa tupu pia. La tatu dada alikuwa analikwangua. Nikasema wali mzuri huisha. Hakuna aliyecheka, na mama hata hakunisikia. Kwa miaka ishirini na saba hakuna mtu aliyemwonyesha mama bakuli tupu akabaki hivyo. Kijiko alikiweka chini. Mikono ikarudi kwenye mikono ya kiti, mgongo ukaacha mito, visigino vikanyanyuka, na safari hii hata baba alichelewa.

"Kaa, jirani," mama fundi alisema kutoka mlangoni, tepu yake ya kupimia bado iko shingoni. "Wali upo. Kijana wako alinikabidhi sufuria ya raundi ya pili tangu saa nne na nusu. Nimeitunza, wala sijaifunua."

Nilijaribu kumzuia. Nilisema asisumbuke, nitaenda mwenyewe, nikagonga kiti, nikamkanyaga mgeni. Nilipofika mlangoni alikuwa anarudi, sufuria mikononi, uso wa mtu aliyetimiza ahadi. Akaiweka kwenye meza ndogo mbele ya mama, akafunua.

Ilikuwa imejaa. Punje mojamoja. Karoti nene, za mtu ambaye hakuwa anazibania. Wageni wakasema aah, wakasogeza sahani, na mama akainua mkono mmoja, wakasimama palepale. Akachota kidogo kwa ncha ya kijiko. Akaonja. Alifumba macho yote mawili, akameza kwa ushujaa.

"Chumvi hukugawa," alisema.

Dada aliweka bakuli chini ili acheke vizuri. Mama fundi akanitazama, akaitazama sufuria, akanitazama tena, na nikaona anaanza kuelewa kitu alichokuwa amekihifadhi chini ya meza yake asubuhi nzima. Akauliza kwa sauti, mbele ya watu ishirini, kama raundi ya pili ndiyo iliyopikwa kwanza. Nikasema inategemea unavyohesabu.

Mama hakucheka. Alikuwa amegeukia sahani yake, ile ya wali mwembamba wa karoti nyembamba.

"Na huu uliupima kwa kitu gani?"

Nilikuwa na majibu matatu, yote mazuri. Lakini mama fundi alikuwa bado amesimama pale na mfuniko mkononi.

"Nilionja," nikasema.

Mama akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu, kama anavyomkubalia mpishi mpya kule shuleni. Akarudisha mgongo kwenye mito. Akamwambia dada akate keki, wageni wasilale njaa kwa ajili ya hesabu za mtu. Akamwambia baba begi lake liko juu ya kabati, alishushe, Jumatatu haiko mbali. Kisha akaninyooshea kidole.

"Daftari naondoka nalo," alisema. "Sasa niletee maji."

Na hakuinuka.